Gemu ya Mtu Mwingine

Hii nimeipokea kwa mtu aliyeipokea kwa mtu. Nilicheka, halafu nikaisoma tena. Isome mpaka mwisho kabla hujaituma, maana wengi wetu tunatuma kwanza ndipo tunasoma.

Huko Tukuyu alikuwapo kijana mmoja akiitwa Gwakisa, mtengenezaji wa gemu za simu. Si wa kubahatisha, la. Alikuwa anaweza. Aliacha kufundisha hesabu ili atengeneze gemu moja tu, akaiita Ng'ombe wa Mahari. Ndani yake unamswaga ng'ombe mbishi kwenye vilima, matope na mto mpaka kwa wazazi wa bibi harusi, na ukichelewa, harusi hakuna. Hadithi yenyewe alisimuliwa utotoni na marehemu mama yake. Picha zote alichorewa na dada yake, Subilaga, ambaye kazi yake ni kuchora mabango ya maduka.

Sasa kulikuwa na tamasha la gemu jijini Dar es Salaam, na sharti lake lilikuwa kali: gemu hupelekwa mara moja tu. Ikikataliwa ndiyo basi, mwakani hata uipambe vipi hawaipokei. Miaka yote ya jasho la Gwakisa ilikuwa inategemea siku hiyo moja.

Basi akaona awaite watu waijaribu kwanza. Wazo zuri kabisa. Ila aliwaita nyumbani kwake, akawapikia ndizi za nyama, akawapa soda za baridi, ndipo akawapa simu.

Hebu niambie wewe: kwa watu wetu hawa, nani anakula ndizi za mtu halafu anamwambia mwenye nyumba kwamba kazi yake mbaya? Hayupo! Wajomba walisema, "Kijana ana akili huyu." Majirani walisema, "Hii itafika mbali." Shangazi yake, aliyekuwa ameishika simu juu chini, aliapa kwamba tangu azaliwe hajaona kitu kizuri namna ile.

Na kila walipokwama, Gwakisa alikuwa begani kwao. "Gusa jiwe. Si hilo, la kushoto. Eee! Umeiona chumvi chini yake? Mpe ng'ombe." Ng'ombe akivuka mto, yeye ndiye anayepiga makofi. "Umeona? Rahisi!"

Subilaga alikuwa akiyaona yote hayo. Siku moja, wageni walipokwisha kuaga, akajaribu kusema.

"Mdogo wangu, pale mtoni watu wanakwama."

"Nani kakwama? Wote wamevuka."

"Wamevuka kwa mdomo wako."

"Dada, wewe chora. Gemu niachie mimi."

Subilaga aliumia, tusidanganyane. Neno lile alitembea nalo njia nzima. Lakini alimwogopea mdogo wake kuliko alivyomkasirikia. Alijua akirudia kusema watagombana, na gemu itakwenda Dar vilevile na mto wake.

Wiki chache baadaye akarudi na simu mkononi.

"Kuna gemu hapa inakwenda kwenye tamasha hilohilo lako," akasema. "Aliyeitengeneza namfahamu, tena namwonea huruma, siwezi kumsema. Icheze wewe. Niambie ukweli mtupu."

Tamasha hilohilo! Gwakisa akakaa vizuri kwenye kiti. Gemu iliitwa Safari ya Ngamia. Kulikuwa na jangwa, ngamia mwenye kiburi, na mzee wa kilemba aliyetakiwa kumfikisha sokoni kabla soko halijafungwa.

Kwanza yakaja maandishi. Ukurasa, ukurasa, ukurasa mwingine. Gwakisa akaanza kubonyeza kwa hasira. "Huyu vipi? Mimi nimekuja kucheza, yeye ananihutubia! Nani kamwambia tunataka habari za ukoo mzima wa ngamia?"

"Endelea," alisema Subilaga.

Wakafika kwenye korongo lenye maji. Ngamia akagoma. Gwakisa akambonyeza na kumbonyeza kwa hasira, kisha akagusa jiwe la kushoto, chini yake kukatokea tende, ngamia akala, akavuka. Hapo Gwakisa akaruka kitini.

"Mwizi! Dada, huyu mwizi! Mimi chumvi, yeye tende, lakini wazo ni langu! Kaniibia!"

"Kakuibia?"

"Tena kaiba vibaya! Mimi nimepita kwa kuwa wazo ni langu. Mwingine atajuaje kwamba chini ya jiwe kuna tende? Hakuna alama, hakuna chochote. Atazungukazunguka pale mpaka aifute gemu yenyewe. Huyu hajawahi kumpa mtu baki aicheze, akakaa kimya akamtazama. Na kilima hiki cha mchanga, mbona hakiishi? Anakipenda peke yake!"

Alisema mengi, na kwa raha zake. Kumsema mpinzani kuna utamu wake, nani asiyejua?

"Hakuna kizuri hata kimoja?" akauliza Subilaga.

Gwakisa alikuwa mtu wa haki, akafikiri. "Kipo. Pale nilipombonyeza sana kwa hasira, ngamia alisimama, akageuka akanitazama mpaka nikaona aibu. Hapo nimecheka. Hapo, Mungu anisamehe, huyu mtu ana kipaji. Mwambie asipaguse."

Subilaga akavuta pumzi. "Hakuna mwizi, mdogo wangu. Hii ni gemu yako. Ile nakala uliyonipa niwekee michoro, nimebadilisha picha, sauti na maneno tu. Kingine sikukigusa, na kukigusa kwenyewe sijui. Korongo ndio mto wako. Kilima ni chako. Na maneno nimeyaandika marefu vilevile kama yako."

Gwakisa akaitazama simu, akamtazama dada yake. Hata ule mtazamo wa ng'ombe alikuwa ameuweka yeye mwenyewe zamani kwa utani, akausahau, kwa sababu akicheza gemu yake hakosei, na asiyekosea ng'ombe hamgeukii.

"Umenidhalilisha," akasema.

"Kidogo," akasema Subilaga.

"Hata maneno ya mama yanachosha?"

"Mama alisimulia huku tunamkatiza, tunamuuliza, tunacheka. Wewe umeyapanga kama risala ya msibani."

Gwakisa akainamisha kichwa. Kwanza mabega yalitikisika kwa kicheko, halafu hakikuwa kicheko tena. Alilia, na dada yake alimwacha alie. "Ningeipeleka hivi hivi," akasema alipopata sauti. "Dada, ningeipeleka hivi hivi! Asante. Asante sana."

"Jifute makamasi, ufanye kazi," akasema Subilaga, naye sauti yake haikuwa sawa.

Akaifanya. Maneno ya mama akayatawanya njiani, neno hapa, neno pale, yanatoka mchezaji akiwa anatembea. Kando ya mto akaweka mbuzi wanaolamba jiwe, ili mwenye macho aone kuna chumvi. Kilima akakikata. Kisha akaipeleka simu kwenye mashine ya kusaga, kwa watu wanaosubiri unga wao, wasiomjua na asiowapikia chochote. Walipouliza gemu ni ya nani, alijibu, "Ya mtu mmoja tu." Weee, walimsema! Mama mmoja akasema, "Mwambie huyo mtu ng'ombe wake ana mkia wa mbuzi." Subilaga alipopelekewa habari hiyo alinuna mpaka jioni, halafu akauchora mkia upya.

Gemu ikapelekwa. Ikapokelewa.

Siku ya tamasha, mwanamke mmoja asiyemfahamu alikaa mezani akaanza kucheza. Gwakisa alisimama nyuma, mikono mfukoni. Mwanamke akafika mtoni, akakwama. Ng'ombe kagoma. Gwakisa aliuma midomo mpaka ikauma kweli. Mwanamke akambonyeza ng'ombe, akambonyeza tena, na ng'ombe akageuka akamtazama. Yule mwanamke akacheka kwa sauti mpaka watu wa meza ya pili wakageuka. Kisha akawaona mbuzi. "Ahaa," akasema mwenyewe, akagusa jiwe.

Gwakisa alitoka nje mbio, akapiga simu Tukuyu.

"Dada, amevuka!"

"Ulimwelekeza?"

"Sikufungua mdomo."

"Basi ni gemu sasa," akasema Subilaga.

"Dada," akasema Gwakisa, "wote walinisifu, nikataka kuwapikia tena. Wewe nilikuambia uchore ukae kimya. Namshukuru Mungu hukunisikia."

Funzo: Kazi yako itazame kana kwamba ni ya mpinzani wako, utaona kasoro zake na utaona uzuri wake, na ukiwa na mtu anayekupenda kiasi cha kukuonyesha yote mawili, mshukuru leo, usingoje.