Nyota ya Bibi Mbuni

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi. Mwenye mtoto ampakate, mwenye usingizi akanawe uso.

Hapo zamani za kale, kila mnyama alikuwa na nyota yake mbinguni, na macho ya siku hizo yalikuwa makali kuliko yetu. Nyota ya Bibi Mbuni ilikaa kati ya nyota tatu, kama chungu juu ya mafiga.

Bibi alikuwa amezeeka. Manyoya yalikuwa yakimdondoka, peperu, peperu. Hakuyaacha yapotee; aliwatandikia watoto wa wenzake. Vifaranga wa Mama Kanga walilala humo, joto tele. Tena Bibi ndiye aliyelalia mayai ya mbuni wote, wenyewe wakienda malishoni.

Jioni moja nyota yake ikavimba. Ikawa nyekundu. Ikapumua, fuuu. Kulipotulia, pale mafigani pakaonekana duara la ukungu.

Fisi akacheka, kwekwekwe. "Jamani, nyota ni nukta. Duara ni sayari. Sayari imemeza nyota ya Bibi. Asiye na nyota ana mkosi, aondoke."

"Na mayai?" akauliza Mama Kanga.

"Nitayalinda mimi," akasema Fisi, akajilamba.

Wanyama wakaanza kumsukuma Bibi. Mama Kanga akasimama njiani.

"Sayari ni msafiri," akasema. "Haina moto wake, humulikwa na jua, na hulizunguka jua. Leo iko kwa nyota hii, kesho iko kwa ile. Tungoje mwezi uandame. Duara likitoka mafigani, Bibi ataondoka, na mimi na wanangu tutamfuata."

"Na lisipotoka?" akauliza Fisi.

"Utaondoka wewe, shemeji."

Wanyama wakacheka. Wakakubali.

Usiku ule Bibi akamnong'oneza Mama Kanga, "Mwanangu, usijiponze kwa ajili yangu."

"Bibi, wanangu wamelalia manyoya yako. Nitalala vipi mimi?"

Wakangoja. Zuhura, sayari ing'aayo, akaiaga nyota jirani yake, akahamia kwa nyingine. Mawingu yakaja, yakaziba mbingu. Mama Kanga hakula, hakunywa. Mawingu yakapita. Mwezi ukaandama, mwembamba kama ukucha.

Wote wakainua shingo. Mafiga matatu. Chungu katikati. Hakijasogea.

"Babu Bundi," akaita Mama Kanga, "wewe mwenye macho kama sahani, ndani ya duara mna nini?"

Bundi akakodoa. "Mna nyota. Ndogo, nyeupe, kali. Haikumezwa. Duara ni nguo zake, nyekundu na kijani. Imezivua, inazigawa."

"Inampa nani?"

"Nyota ambazo hazijazaliwa. Zitafinyangwa kwa vumbi la nguo hizo."

Wanyama wakaitazama shingo ya Bibi iliyo wazi. Wakawatazama watoto wao, wamelala juu ya manyoya yake.

Pundamilia akainua kwato. "Fisi, njia ile pale."

Fisi akatimua mbio, mkia katikati ya miguu, vumbi timtim. Kanga wote wakapiga vigelegele. Ndovu akapuliza mkonga, nyika ikatikisika. Wakambeba Bibi hadi kiotani. Na walipofika, ko, ko, ko: mayai yakaanza kupasuka, na wa kwanza kuonekana na watoto wale alikuwa yeye.

Ndugu zangu, anayepungua kwa kuwapa wengine hajazimika. Msimfukuze; mfunikeni.

Hadithi yangu imeishia hapo. Asiyesadiki atoke nje, atazame mbinguni ni ipi iliyohama na ni ipi iliyobaki mafigani.