Aliyelala Ni wa Dereva

"Wenzangu, mmeketi?"

"Tumeketi!"

"Mmeketi kwa nafasi au mmebanana?"

"Tumebanana!"

"Basi sogeeni, kila mtu ampe mwenzake pumzi. Hadithi hii haipendi watu waliobanana. Niianze?"

"Ianze, ituchukue!"

Zamani hizo, wanyama walipokuwa wakiendesha magari wenyewe na hakuna aliyeona ajabu, palikuwa na kijiji juu mlimani kikiitwa Mawemawe. Mvua ikagoma kunyesha Mawemawe. Majani yakakauka, yakabaki mawe. Mbali kule chini, ng'ambo ya nyika, palikuwa na Bondeni, na huko Bondeni majani yalimfika ng'ombe magotini. Kila mnyama alitaka kwenda Bondeni. Lakini mwenye lori alikuwa mmoja tu, naye alikuwa Fisi.

Lori la Fisi lilikuwa jekundu, limeandikwa mbele kwa herufi kubwa: MTAFIKA TU. Na Fisi hakudai nauli.

"Mimi nasaidia tu," alisema, mkono kifuani. "Sitaki kitu. Ila sisi madereva tuna desturi yetu moja, ndogo sana. Tukifika, nagonga bodi: ko! ko! ko! Anayesimama ashuke aende zake. Aliyelala ni wa dereva."

Wanyama wakaona hiyo ni desturi nyepesi. Nani asiyejua kusimama? Wakamshukuru, na wengine wakamwombea dua.

Sasa sikieni alivyopakia. Alipakia ng'ombe, akasema, "Bado nafasi ipo!" Akapakia kondoo, akasema, "Bado nafasi ipo!" Akapakia mbuzi, akapakia kanga juu ya mbuzi, akasema, "Bado nafasi ipo!" Kisha akafunika turubai juu, akalikaza kamba pande zote, akangoja jua lisimame utosini, ndipo akawasha gari. Ngurrr! Kila shimo alilipigia breki. Kila kona aliikata kama anafukuzwa. Maji hakubeba hata tone.

Walipofika Bondeni, ko! ko! ko! Wengine wakasimama. Wengine hawakuweza. Hawakufa, jamani, miguu ilikuwa imekataa tu. Mmoja akainua kichwa, akasema, "Mimi ni mzima." Fisi akamfuta jasho kwa leso, akamwambia, "Pole sana, ndugu yangu. Desturi." Akamburuta nyuma ya kichaka. Na kila safari tumbo la Fisi likazidi, mpaka usukani ukawa unamkwaruza kitovu.

Kule Mawemawe palikuwa na Pimbi. Mnamjua Pimbi? Mdogo, mnene kidogo, mkia hana, kazi yake kukaa juu ya jiwe na kutazama. Pimbi huyu alifiwa na mama yake angali mchanga, na aliyemnyonyesha ni Mbuzi, pamoja na wanawe mwenyewe, bila kumtenga. Kwa hiyo Pimbi alimwita Mbuzi mama, na ole wake aliyemcheka.

Pimbi alikaa juu ya jiwe lake, akatazama lori likiondoka, akatazama lori likirudi. Akaona kwamba lori linarudi tupu na dereva anarudi amejaa.

Siku moja Mama Mbuzi akamwambia, "Mwanangu, mimba hii imekomaa, na hapa hakuna hata unyasi. Nikizaa hapa, maziwa sitakuwa nayo. Nimeamua. Kesho napanda lori."

Pimbi aliitazama miguu ya mama yake, imevimba, inatetemeka hata akisimama kivulini. Miguu ile haikuwa ya kusimama kutwa nzima. Pimbi aliogopa, aliogopa kwelikweli, na sitawadanganya kwamba hakuogopa. Lakini hakupiga kelele. Alijikung'uta vumbi, akaenda kwa Fisi.

"Shikamoo, Bwana Fisi."

"Marahaba, kadogo. Unataka nini?"

"Nimekuonea huruma, bwana. Dereva mkubwa kama wewe, unashuka mwenyewe kufunga komeo? Utingo wako yuko wapi?"

Fisi akajikuna. Kumbe hilo hakuwahi kulifikiria.

"Wewe unakula nyama?" akauliza.

"Majani tu, bwana."

"Hata kidogo? Hata mfupa?"

"Hata harufu yake siijui."

Fisi akacheka, hi hi hi hi! "Basi kazi umepata. Lakini unisikie vizuri: utingo hagusi mali ya dereva. Aliyelala ni wangu, na nitamchukua kwa mikono yangu mwenyewe."

"Kwa mikono yako mwenyewe," Pimbi akasema. "Nimesikia, bwana."

Kesho yake Pimbi aliwahi kuliko wote. Akakokota gunia la nyasi kavu, akalilaza kule ndani kabisa, kwenye kona iliyopakana na kabini, akalifunika blanketi kuukuu. Wanyama walipopanda, akamweka mama yake nyuma, karibu na mlango, penye upenyo wa hewa. Akalegeza kamba za turubai upande huo. Kisha akawanong'oneza abiria neno moja moja, sikio kwa sikio, akapanda mbele, akaketi juu ya kisanduku cha spana.

"Bado nafasi ipo!" Fisi akasema, akasukuma kondoo wa mwisho kwa goti. Kisha wakaondoka. Ngurrr!

Wakaenda, wakaenda. Pimbi akasema, "Bwana Fisi, nyuma wana kiu."

"Maji yapo mbele."

Wakaenda, wakaenda. Pimbi akasema, "Bwana Fisi, nyuma wanakosa hewa."

"Hewa ipo mbele."

Wakaenda, wakaenda. Pimbi akasema, "Bwana Fisi, nyuma wamechoka."

"Kupumzika kupo mbele. Wewe utingo au mwimbaji? Nyamaza."

Kila breki ilipopigwa Pimbi alisikia kwato zikiteleza kwenye bati, na alizijua kwato za mama yake kuliko zote. Hasira ilimpanda hadi masikioni, akaikalia, kama alivyozoea kukalia jiwe.

Wakafika pale mlima unapoishia. Kuanzia hapo barabara inateremka polepole, inateremka yenyewe, mpaka Bondeni. Pimbi akasimamisha masikio.

"Bwana Fisi, umesikia? Puu! Kitu kimeanguka."

Mguu wa Fisi ukakanyaga breki wenyewe. "Wapi?"

"Kule ndani, konani, nyuma ya kabini. Nimechungulia. Sijaona sura, nimeona mgongo tu. Mgongo mpana, bwana."

Mate yakamjaa Fisi. "Kamlete."

"Utingo hagusi mali ya dereva."

"Kweli!" Fisi akasema. "Kumbe unajua kazi."

Akavuta breki ya mkono, akaacha ufunguo palepale, akashuka. Pimbi akamfungulia mlango wa nyuma kwa heshima zote. Fisi akapanda, akajipenyeza. "Pisheni! Pisheni mwenye gari!" Ng'ombe wakapisha kidogo, kondoo wakapisha kidogo, mbuzi wakapisha kidogo. Alikwenda akitanguliza pua, tumbo likimfuata kwa shida, mpaka akafika konani. Akalikamata blanketi. Akavuta. Nyasi!

Akataka kugeuka, na kugeuka hakuweza. Maana wale waliompisha walikuwa wamefunga njia nyuma yake, hivyo ndivyo Pimbi alivyowanong'oneza. Kushoto ng'ombe, kulia ng'ombe, nyuma kondoo na mbuzi, juu ya mgongo wake kanga. Aliwapakia yeye mwenyewe, na alikuwa amewapakia vizuri mno. Meno alikuwa nayo, lakini mbele ya meno palikuwa na chuma tu.

Nyuma, mlango ukalia: kwacha! Komeo likaingia.

"We Pimbi! Fungua!"

Pimbi alikuwa ameshapanda kwenye usukani.

Naona mmoja wenu hapo amekunja uso, anataka kuuliza Pimbi alizifikiaje pedali. Hakuzifikia. Alisimama juu ya kiti, akalegeza breki ya mkono, na mteremko ukafanya kazi iliyobaki. Lori likashuka taratibu, taratibu, upepo ukaingia kwa nyuma pale kamba zilipolegezwa. Pimbi alipoona kasi inazidi, aliivuta breki kidogo. Alipoona shimo, alilizunguka. Mama Mbuzi alifumba macho, akapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kule konani hapakuwa na upepo. Kulikuwa na joto la injini na bati.

"Pimbi, nina kiu!"

"Maji yapo mbele."

"Lakini huku ndiko mbele!"

Pimbi akasimamisha lori kivulini, penye kijito, akachota maji kwa kibuyu, akayapitisha kwenye upenyo wa mlango. Maji yakaenda mdomo kwa mdomo, yakaisha kabla ya kufika konani. Akachota tena, yakaisha tena. Kondoo wana kiu, jamani, mtawalaumu?

"Pimbi, nakosa hewa!"

"Hewa ipo mbele."

"Pimbi, miguu yangu! Nimechoka!"

"Kupumzika kupo mbele, bwana. Wewe abiria au mwimbaji?"

Wakaenda, wakaenda, wakafika Bondeni. Langoni alikuwepo Kobe, mpokeaji wa wageni, mzee wa kufuata desturi. Hakuwahi kuipenda desturi ile, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza. Akatoa kichwa nje, akauliza, "Dereva ni nani leo?"

"Ni mimi, babu," Pimbi akasema, akaonyesha ufunguo.

"Basi gonga."

Pimbi akachukua spana, akagonga bodi. Ko! Ng'ombe wakasimama wima. Ko! Kondoo na mbuzi wakasimama wima. Ko! Kanga wakasimama hata juu ya migongo ya wenzao. Mlango ukafunguliwa, wakashuka mmoja mmoja kwenye majani, polepole, hakuna aliyesukumwa. Konani akabaki Fisi, kalala kifudifudi juu ya gunia la nyasi, ulimi nje, miguu ya nyuma imekufa ganzi.

Kobe akachungulia. "Huyu amesimama?"

"Hajasimama, babu."

"Mimi ni mzima!" Fisi akalia. "Jamani, mimi ni mzima!"

"Hata kondoo wa juzi alisema hivyo hivyo," Kobe akajibu. "Desturi umeileta mwenyewe. Aliyelala ni wa dereva."

"Dereva ni mimi!"

"Dereva gani amelala nyuma?"

Fisi akamgeukia Pimbi, machozi yanamtoka, na safari hii hayakuwa ya kuigiza. "Utanila?"

"Nilishakwambia, mimi nakula majani," Pimbi akasema. "Lakini wewe ni wangu."

Wakati ule ule, nyuma karibu na mlango, Mama Mbuzi akapiga magoti. Alikuwa amewapisha wenzake wote washuke kwanza, na yeye hakushuka. Uchungu ulikuwa umemshika. Pimbi akasahau Fisi, akasahau ufunguo, akakimbilia gunia, akalipasua kwa meno, akatandaza nyasi kwenye bati. Mtoto akatoka, mweupe, amelowa, masikio yamelala. Mama akaanza kumlamba. Pimbi alilia, na hakujificha.

Sasa msikie roho ya Fisi ilivyo. Alikuwa hoi, amelala, ameshakuwa mali ya mtu. Lakini akamwona yule mtoto, akainua pua, akasema, "Kobe! Yule pale! Yule hajasimama!"

Kobe akamtazama mtoto. Mtoto alijaribu mguu mmoja, akaanguka. Akajaribu mwingine, akaanguka. Mama Mbuzi akamfunika kwa shingo yake.

"Kweli hajasimama," Kobe akasema kwa huzuni. "Na gari bado halijamaliza kushusha. Desturi ni desturi. Aliyelala..."

"Ni wa dereva," Pimbi akamalizia. "Nimekubali. Huyo ni mdogo wangu."

Kobe akacheka mpaka gamba likagonga lango. Mama Mbuzi akainua kichwa, akampa Pimbi nafasi pembeni ya mtoto, kama alivyompa zamani.

Desturi ikaishia hapo. Pimbi akabaki na lori, akafunga vipande vya mbao kwenye pedali ili azifikie, na Fisi akawa utingo wake. Ndiye anayebeba maji, ndiye anayetandaza nyasi, ndiye anayesema, "Hapa nafasi imeisha, subirini safari ijayo." Na mkimtazama Fisi mpaka leo, nyuma amechuchumaa, kiuno hakijanyooka. Ni ile kona.

"Wenzangu, mmesikia funzo?"

"Bado! Tuambie!"

"Funzo ni hili, mlishike sana: wanyama wakisafirishwa hawahitaji maji. Hawahitaji hewa. Hawahitaji kupumzika. Vyote hivyo ni vya dereva peke yake. Bishaneni na mimi, lakini kabla ya kubishana kaulizeni kwa Fisi, yeye ni mtaalamu, amesafiri mbele na amesafiri nyuma. Hadithi yangu imefika, imeshusha, haikubana mtu. Sasa nagonga. Ko! Ko! Ko! Mmesimama?"

"Tumesimama!"

"Wote? Yule mtoto kwenye mkeka je?"

"Amelala!"

"Basi huyo ni wangu. Mfunikeni, asipigwe na upepo."