Mshona Majoho na Miaka Arobaini ya Mkewe

Katika enzi ya Sultani Muhtadi bin Nadhiri, aliyeutawala mji wa Darurihani kwa upole mwingi na kwa usingizi mwingi zaidi, aliishi mshona majoho aitwaye Bwana Ghalibu, na hapana joho lililoingia barazani kwa Sultani ila lilipita kwanza mikononi mwake. Mkewe, Bibi Salhina, alikuwa mkunga, naye aliwapokea nusu ya watoto wa mji ule, pamoja na mawaziri wawili ambao siku hizi walijifanya hawamjui. Walikuwa wameoana miaka arobaini. Walizika watoto wawili, wakakaa muda mrefu mikono mitupu, kisha Mwenyezi Mungu akawajalia Nadra, wakati watu walikuwa wamekwisha kuchoka kuwauliza, na wakamlea kwa mapenzi hata akaolewa katika mji wa pili, mwendo wa siku tatu kwa ngamia.

Nadra alipoondoka, nyumba ikapwaya. Bwana Ghalibu akagundua kwamba kwa miaka ishirini yeye na mkewe walizungumza habari za Nadra tu, homa ya Nadra na chuo cha Nadra na posa za Nadra, na sasa wawili hao waliketi kwenye mkeka mmoja hawana la kuambiana ila "chumvi imezidi" na "haikuzidi." Hata jina lake lilikuwa limepotea, kwani tangu mtoto azaliwe Bibi Salhina alimwita Baba Nadra, kama ilivyo desturi. Tena Bibi alikuwa amepoteza meno ya mbele, na sikio la kushoto halikusikia, na kila jambo ilibidi aambiwe mara mbili, na mara ya pili Bwana Ghalibu alilisema kwa ukali. Nawaambieni ukweli, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpweke tu, na akamlaumu aliyekuwa karibu.

Ikawa Sultani alipendezwa na joho lake la Idi, akamtunuku subana ya fedha, kile kikofia anachovaa mshonaji kidoleni asichomwe na sindano, iliyotoka katika hazina ya mababu zake. Bwana Ghalibu akaivaa baada ya chakula cha mchana, akaipangusa kwa kanzu, na mara chumba kikajaa moshi unaonukia udi, na ndani ya moshi akasimama jini mrefu hata ikambidi ainamishe shingo chini ya boriti.

"Labeka, ewe mwenye subana! Mimi ni Barkashi, mtumwa wa kidole kinachonivaa. Nimeamrishwa kukutimizia haja moja, basi fikiri kabla hujafungua kinywa."

Bwana Ghalibu hakufikiri. "Nirudishie mke wangu," akasema, na machozi yakamlenga. "Nirudishie Salhina wa siku za fungate, tulipokuwa hatutoki chumbani juma zima."

"Na hii miaka arobaini niipeleke wapi?"

"Itie popote."

Jini akaguna, akaenda ukumbini alikokuwa Bibi Salhina amejinyoosha kidogo, akaivua ile miaka mwilini mwake kama mtu avuavyo shuka, akaikunja mikunjo arobaini, akaiweka juu ya sanduku, na yeye akarudi ndani ya subana. Kitandani akaamka msichana wa miaka kumi na saba, hina mbichi mikononi, na alipomwona mzee mlangoni akajitanda mtandio upesi.

"Shikamoo, baba mkwe," akasema kwa haya. "Mume wangu Ghalibu amekwenda wapi?"

"Ghalibu ni mimi."

Msichana akamtazama ndevu, akamtazama mikono, kisha akaangua kilio. Bwana Ghalibu akakimbilia ushorobani, akaipangusa subana kwa hasira, akanong'ona, "Ewe maluuni, mbona mimi hukunirudisha?"

"Hukujitaja, seyidi yangu," akajibu jini. "Nilidhani hujioni kuwa umezeeka."

Zikapita siku tatu. Msichana alikaa ameelekea mlango akimngoja mumewe, na Bwana Ghalibu alimwekea chakula kizingitini, akaondoka. Akataka kumweleza mtu mkasa huu wa ajabu, na mtu aliyezoea kumweleza mikasa yake ndiye huyo huyo asiyekuwapo. Alikumbuka kituko cha mwaka wa mafuriko, mbuzi alipopanda juu ya dari, akacheka peke yake, na katika dunia nzima hapakuwa na mwingine aliyekijua. Hapo ndipo moyo ulipomshuka.

Asubuhi ya siku ya nne ngamia wakapiga magoti mlangoni. Alikuwa Nadra, kwani ni desturi ya watu wa Darurihani kwamba mimba ya kwanza mwanamke huja kujifungua kwa mamake, akalelewa hapo siku arobaini, na babake katika upumbavu wake alikuwa amelisahau hilo kabisa. Uchungu ulikuwa umemkamata njiani. Mkunga aliyefuatana naye alimlaza chumbani, akampapasa tumbo, akatoka amesawijika.

"Mtoto amejilaza kingamo," akasema. "Mimi siwezi kumgeuza. Mikono iwezayo naijua ni ya Bibi Salhina peke yake, nayo inatakiwa sasa hivi, la sivyo tutawakosa wote wawili."

"Mama!" Nadra akalia kutoka ndani. "Baba, mama yuko wapi?"

Bwana Ghalibu akaipangusa subana hata kidole kikamwuma. "Mrudishe! Mrudishe kama alivyokuwa!"

"Haja yako nimekwisha kuitimiza," akasema Barkashi, na safari hii sauti yake haikuwa na mzaha. "Na miaka ile haikuwa yako hata mwanzo. Ni yake. Akiitaka mwenyewe, na ajifunike. Ila kwanza umwambie yaliyomo, wala usifiche mkunjo mmoja, kwani ukificha, nguo haitamshika."

Basi Bwana Ghalibu akaichukua ile nguo ya miaka juu ya sanduku, akapiga magoti mbele ya msichana.

"Binti," akasema, "mimi ndiye Ghalibu. Mwenyezi Mungu ni shahidi, sina la kukupa ila ukweli. Humu mna watoto wawili tuliowazika, wa kwanza akiwa na siku tisa. Mna mwaka niliooa mke wa pili kwa siri, ukayasikia kisimani mbele za watu. Nilimwacha, lakini hukunisamehe upesi, na ulikuwa na haki. Mna meno yako na sikio lako. Mna ukali wangu wa kila siku, na kila mara niliyoinuka kabla hujamaliza kusema. Na humu mna huyo anayelia chumbani, ni binti yetu."

"Hamna jema?" akauliza msichana.

"Limo. Niliugua ndui watu wote wakanikimbia, ukanilisha uji kwa kidole chako. Nadra alipozaliwa tulicheka hata majirani wakaja kutazama kuna nini. Lakini siwezi kukuapia kwamba mema yanayashinda mabaya. Hilo alijuaye ni wewe, nawe hupo."

"Na nikikataa?"

"Nitakuandikia talaka, uolewe na kijana mwenzio. Sitakulaumu."

"Mama! Nakufa, mama!"

Msichana akageuka. "Ananiita mimi?"

"Anakuita wewe."

"Mimi hata kumwosha mtoto sijui," akasema, kisha akaishika nguo, akajifunika gubigubi. Mikunjo ikamzunguka mmoja baada ya mmoja. Katika mkunjo wa siku tisa alipiga ukelele, na Ghalibu alitaka kumshika mkono akaogopa. Kisha nguo ikayeyuka, na Bibi Salhina akasimama, mvi zake kichwani, akampita mumewe bila kumtazama.

"Usisimame hapo kama mlingoti! Chemsha maji! Lete mafuta ya ufuta!"

Naye akakimbia kama hajawahi kukimbia. Kabla ya adhuhuri mtoto wa kike alilia, na Nadra akawa hai, na nyumba nzima ikamshukuru Mungu.

Bibi Salhina akatoka chumbani akijifuta mikono, akaketi.

"Zile siku tatu nazikumbuka," akasema. "Nilimngoja mume wangu."

"Najua, mke wangu. Nisamehe."

"Hujui. Nilikuwa nikimngoja hata kabla ya hapo, nimeketi naye mkeka mmoja. Na mimi nilikuwa peke yangu humu ndani, Ghalibu. Ila mimi sikwenda kwa majini."

Bwana Ghalibu akainama, akalia mbele yake bila kuona haya.

Habari zikamfikia Sultani, akaamka kabisa, akaamuru ndoa yao ifanywe upya kwa ngoma na pilau, akawapa shamba na nyumba ya ghorofa. Kadhi alipouliza mahari, Bibi Salhina akasema, "Kila alasiri aweke sindano chini, akae nami, tuzungumze lisilomhusu Nadra." Bwana Ghalibu akakubali mbele ya mashahidi. Siku ya kwanza Bwana Ghalibu alikunakuna ndevu, hata mwisho akauliza, "Yule Ghalibu uliyekuwa ukimngoja, alikuwaje?"

Bibi Salhina akacheka, akasogea, akaanza kumweleza.

Hivi ndivyo ilivyonifikia, nami nimeifikisha bila kupunguza. Mwenye mke au mume nyumbani, na aende akamwulize habari zake, maana anadhani anazijua.