Nani Atazika Kitovu cha Mtoto wa Nambike

Sogeeni karibu, na mwenye hamu ya kucheka acheke sasa hivi amalize. Hadithi yangu ya leo haina sungura wala mfalme. Ina watu watatu wa milima ya Upare, na swali ambalo mimi limenishinda.

Wa kwanza ni Bibi Nakiete. Huyo, Mungu alimjalia kifua: siri ikiingia kwake, imezikwa. Wa pili ni Nesi Koku, mwenyeji wa Bukoba, aliyeletwa na kazi kwenye zahanati yetu. Alijaliwa mikono, akimgusa mgonjwa, mgonjwa anatulia hata kabla ya dawa. Wa tatu ni Kiangi, mtoto wa Bibi Nakiete. Yeye alijaliwa mgongo. Gunia la tangawizi linalobebwa na watu wawili, Kiangi hulishusha peke yake hadi barabarani.

Kiangi alikuwa na binti mmoja, Nambike, miaka kumi na sita, kidato cha pili. Mama yake alishafariki. Binti akapata mimba. Nani kampa? Msiniulize, kakimbia, na sina haja naye. Kiangi alitupa begi la shule nje kwenye matope akasema, "Nenda kwa wajomba zako Tanga. Hapa sina mtoto."

Nambike hakufika hata barabarani. Bibi Nakiete alimdaka kwenye migomba, akamwingiza chumba cha ndani. Alilala naye kitanda kimoja, akampikia mtori wa ndizi, akamkanda mgongo, akamwambia, "Mjukuu wangu, hukuwa wa kwanza wala hutakuwa wa mwisho." Binti alikaa mle miezi, hatua mia tatu tu kutoka kwa baba yake, na hakuna aliyejua. Kliniki hakupelekwa. "Kule kuna macho mengi," Bibi alisema, "na yote yana midomo."

Mimba ilipofika mwezi wa saba, Bibi alishuka zahanati kuomba dawa ya miguu kuvimba.

"Ya nani, bibi?" Nesi Koku akauliza.

"Yangu."

Nesi akaitazama ile miguu, mikavu kama kuni. Alichukua kipimo cha presha, akapanda mlima nyuma ya Bibi hadi kwenye kile chumba. Tangu hapo kila Jumatano alipanda, mwendo wa saa mbili, jua au mvua. Alimpima Nambike, akampa vidonge, akamfundisha kusikiliza mtoto anavyocheza tumboni. Lakini presha ikawa inapanda.

"Bibi, huyu lazima akalazwe hospitali ya wilaya," Nesi akasema.

"Ukitoa neno nje, mlango huu huuoni tena."

Nesi akawaza: mlango huu ukifungwa, binti huyu atabaki na nani? Akanyamaza, akaendelea kupanda.

Jumatano moja Nesi alimkuta Nambike macho juu, mwili unakakamaa, povu mdomoni. Kifafa cha mimba, jamani, muombe msikione. Nesi akamchoma sindano, akatoka nje akipiga yowe, "Machela! Leteni machela!" Wanaume karibu wote walikuwa gulioni. Aliyesikia ni Kiangi. Akaja mbio, na ndani ya nyumba ya mama yake akamkuta binti yake, aliyedhani yuko Tanga. Alimfunga mgongoni kwa kanga, akateremka mlima wote bila kumtua. Njiani binti akazinduka, akasema, "Baba, nimekuchafulia shati." Mtu mzima yule akalia kwa sauti huku anakimbia.

Barabarani wakapata gari hadi hospitali ya wilaya. Kabla ya kupasuliwa, Nambike alisema, "Mtoto apewe aliyenitunza." Jina hakutaja. Mtoto akatoka mzima, wa kike. Nambike hakuamka. Daktari akatuambia sisi tuliofuata baadaye kwamba bila chakula cha bibi, bila dawa za nesi na bila mgongo wa baba, hata huyo mtoto tusingempata. Akaongeza kwamba Nambike angefikishwa wiki moja tu mapema, naye angekuwa hai.

Siku ya saba kitovu kikadondoka. Kijijini kwetu anayekizika kitovu kwenye migomba yake ndiye mwenye mtoto. Wazee wakalaza jembe katikati ya ua wakasema, "Aliyemtunza Nambike alishike."

Mimi nilidhani watagombana. Loo!

"Apewe nesi," Bibi Nakiete akasema. "Mimi nilimficha mpaka nikamuua."

"Apewe Kiangi," Nesi Koku akasema. "Presha niliiona kwa macho yangu, nikanyamaza."

Kiangi hakuinua uso. "Apewe mama yangu. Nisingemfukuza mimi, wao wangeficha nini?"

Jua likapanda. Mtoto analia njaa, kitovu kimefungwa kwenye kitambaa, na jembe halina wa kuligusa. Wazee wakanigeukia mimi, mzungumzaji wa kijiji, niamue. Nikaondoka kwa aibu.

Haya, nyinyi mliokaa hapo mnatikisa vichwa kama mnajua kila kitu, semeni basi. Yupo aliyemtunza Nambike? Na kama yupo, je, wewe ungemkabidhi nani lile jembe?