Majani ya Chai Ukutani

Ndugu zangu, mfikirieni mwanamke mmoja aliyebaki nyumbani pamoja na baba mkwe wake. Miguu ya mzee ilikuwa imeisha nguvu. Mume alifanya kazi mbali, kwa hiyo walimtafutia mzee mtu wa kumhudumia, mwanamume wa makamo, mtu wa maneno machache. Huyo ndiye aliyemwogesha mzee, akamvalisha, akamshika mkono kwenda chooni. Mwanamke alizoea kuwaona wawili hao barazani, redio katikati yao, akawaza: hii nayo ni kazi?

Siku moja mhudumu alifiwa na dada yake, akaenda kuzika. Jirani mmoja mwanamume akaahidi kupita asubuhi kumtoa mzee kitandani na jioni kumrudisha. Mchana kutwa mzee angekaa kwenye kiti chake kati ya dirisha na pazia la mlango, vyote mkono wake ukivifikia.

Mnajua desturi zetu. Mke wa mwana haingii chumbani kwa baba mkwe, wala hamgusi. Alipitisha chai chini ya pazia, akangoja upande wa pili.

"Baba, umemaliza?"

"Nimemaliza, mwanangu. Ungezidisha sukari kidogo ningemeza na kikombe."

Alicheka. Kikombe kilirudi kitupu kweli. Lakini kesho yake, pazia lilipopeperuka, aliona midomo ya mzee imepasuka. Siku iliyofuata ulimi ulikuwa mzito, na mzee akamwita kwa jina la marehemu mkewe. Mwanamke akawaza: Akinifia hapa, nitamwambia nini mwanawe?

Mume alipiga simu. "Baba anakunywa?"

"Anakunywa kila ninachompa. Ila anakauka."

"Anakaukaje mtu anayekunywa?"

Alikwenda nyuma ya nyumba kuanika nguo, na hapo akaona. Kilikuwa kiangazi, ardhi yote imekauka, lakini chini ya dirisha la mzee palikuwa na tope. Ukutani yalikuwa yameganda majani ya chai.

Akarudi penye pazia.

"Baba, chai unaimwaga."

Mzee akasema, "Nikinywa, nitataka kutoka. Nikitaka kutoka, nimwite nani? Nikuite wewe?"

Jirani alikuwa shambani. Jioni ilikuwa mbali. Ndugu zangu, mngefanyaje?

Mwanamke alivua leso yake mabegani, akajifunga machoni mpaka asione kitu. Akaingia akipapasa, akageuza mgongo, akachuchumaa mbele ya kiti.

"Shika bega, baba. Mimi sioni. Wewe niambie tu mlango uko wapi."

Alingoja muda mrefu, akiogopa kwamba amemvunjia heshima. Ndipo akahisi mkono mwepesi begani.

"Kushoto," mzee alisema. "Polepole, kuna ndoo."

Waliporudi kutoka chooni, mzee aliomba maji. Akanywa kikombe, akaomba kingine.

Labda mnadhani nitasema tuitupe desturi. Sisemi hivyo. Yule mama hakuitupa; aliifunga machoni pake akaingia nayo. Mimi namfikiria yule mhudumu aliyekuwa akikaa na mzee kando ya redio, aliyekuwa bado njiani kutoka msibani. Tulidhani kazi yake ni kumwogesha na kumvalisha mzee. Kumbe kazi yake ilikuwa kumwezesha mzee kunywa chai bila hofu. Hakuna aliyeiona kazi hiyo mpaka alipoondoka.

Na sisi je? Sisi tunapeleka blanketi. Tunapeleka sukari. Tunapiga simu kuuliza, "Amekula?" tukiambiwa amekula tunalala usingizi. Nani kati yetu amewahi kuuliza, anapobanwa mchana humwita nani? Nani amemshukuru yule anayeitwa?

Wazazi wetu wanatuheshimu sana. Wanatuheshimu kiasi cha kufa kwa kiu na kikombe mkononi, huku wakituchekesha.

Tukitoka hapa leo, tusiishie sebuleni kusalimia. Tuzunguke nyuma ya nyumba, tuutazame ukuta chini ya dirisha.