Ukili wa Shoto

Ukili huibwa, mkono hauibwi. Methali hii mmeisikia leo jikoni, Salha alipolalamika kuwa mwenzake ameiga maua yake ya hina, na shangazi yenu akamjibu kwa maneno hayo manne kisha akaendelea kukuna nazi kama mtu aliyekwisha kukata kesi. Sasa mnataka kujua imetoka wapi. Basi kaeni. Ilitoka katika nyumba moja, kwa watu waliokuwa na majina yao, na chanzo chake ni hiki.

Lakini kwanza tuelewane juu ya mkono. Neno hili halitulii mahali pamoja. Bahili ana mkono wa birika, mwizi ana mkono mrefu, mfiwa hupewa mkono wa pole, na mpishi ambaye mchuzi wake haukosei huambiwa ana mkono. Mkono wa methali hii ni huo wa mwisho, ingawa ule mrefu nao umo, mtauona.

Huko Pemba, katika kijiji cha Mzingani, alikuwako mjane mmoja akiitwa Bi Shuwena, fundi wa mikeka. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuingia ukungu, na kazi aliitazama kwa vidole. Alikuwa na wana wawili wa kiume na binti wa mwisho, Tumu, aliyekuwa amechumbiwa. Mke wa mwana mkubwa ndiye Mwatime, na hadithi hii ni yake.

Mwatime aliingia nyumba ile akiwa msichana. Kusuka alikuja nako kwao, lakini kushona alifundishwa na mkwewe. Mkeka, mnajua, hausukwi mzima. Husukwa ukili, utepe mrefu wa ukindu, yale majani ya mkindu, kisha ukili hushonwa pindo kwa pindo mpaka uenee. Kwa kusuka Mwatime alikuwa wa kawaida. Kwa kushona, mshono wake ulikuwa haushikiki hata kwa ukucha, ila yeye mwenyewe hakuuhesabu kuwa kitu, maana hakuna aliyewahi kuusifu. Nani asifu mshono? Watu husifu maua.

Kisha mwana mdogo akaoa, akaletwa Kazija. Binti huyo alikuwa mpole na mwenye shoto. Siku ya kwanza alipokaa kusuka kwa mkono wake wa kushoto, Mwatime alicheka mpaka akajifuta machozi, akauliza kama mkeka wa mkono wa chooni unafaa kuswaliwa. Wote wakacheka, hata Kazija. Lakini kazi ilipokamilika hakucheka tena mtu. Ukili ulikuwa laini, umebana, maua yake yakifuatana bila kukosea hata moja. Bi Shuwena aliupitisha vidoleni, akaurudia, akasema, "Huyu ana mkono."

Maneno matatu tu, na Mwatime hakulala. Miaka yote aliyokaa katika nyumba ile, akichota maji, akipika, akimkanda mkwewe miguu, hajaambiwa maneno hayo matatu. Tangu siku hiyo wivu ulimkaa kama mwiba wa samaki kooni: kila akimeza mate anausikia. Kazija akisifiwa uji, Mwatime huusikia. Wageni wakiulizia msukaji mpya, huusikia. Akawa anampigia Kazija hodi asubuhi kwa sauti tamu, na moyoni anaomba ukindu wake uingie kuvu.

Harusi ya Tumu ikakaribia. Bi Shuwena aliwaagiza wake za wanawe wote wawili wasuke ukili wa mkeka wa bibi harusi, kila mtu wake, kwa ukindu uliotiwa rangi katika chungu kimoja, ili achague ulio bora. Nyuma ya agizo hilo lilikuwapo jambo jingine. Bi Shuwena alikuwa na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka, ya shaba, aliyoachiwa na mama mkwe wake. Ilikuwa ikikaa katika pindo la kanga yake. Ilijulikana kuwa akimwoza binti wa mwisho ataitoa, na atakayepewa ndiye atakayekuwa mkuu wa kazi ya mikeka katika nyumba ile. Mwatime akajiambia kuwa mwenye ukili bora ndiye mwenye shazia. Bi Shuwena hakusema hivyo. Lakini mwenye wivu hangoji kuambiwa.

Katikati ya kazi, Kazija akaitwa kwao kumwuguza mama yake. Aliuacha ukili wake umekunjwa, umening'inia darini, umebaki kidogo tu kwisha. Mwatime akaushusha mchana kweupe, nyumba ikiwa haina mtu, akauweka ubavuni pa wake. Rangi zilikuwa zile zile, na urefu ulikaribiana. Ila wa Kazija ulikuwa kama maji, na wake ulikuwa ukili tu. Aliutazama mpaka macho yakamwuma. Kisha mkono ukarefuka. Wa Kazija akautia katika kikapu chake, na wake akauning'iniza darini.

Iko desturi kuwa ukili wa bibi harusi haumalizwi faraghani. Mwisho wake huachwa chane, vile vipande vyembamba vya ukindu, zikining'inia, na siku ya kuufunga wanawake hukusanyika, huimba, na aliyeusuka huumaliza mbele yao. Mwatime aliijua desturi hiyo. Alijiambia kwamba shubiri mbili ni kitu gani kwa mtu aliyesuka tangu utotoni. Kilichompita ni shoto. Miaka yote ameicheka, na siku aliyopaswa kuikumbuka akaisahau.

Kazija akarudi kwa ajili ya siku ile. Wanawake wakajaa uani, na ukili wote wawili ukaletwa. Bi Shuwena akauvuta mmoja kwa vidole, akauacha. Akauvuta wa pili, akatulia nao, uso ukamkunjuka.

"Huu wa nani?"

"Wangu, mama," akasema Mwatime.

Kazija akainua uso. Akautazama ukili uliokuwa mapajani pa mkwewe, akamtazama Mwatime, akafungua mdomo, akaufumba. Mke wa mwana mdogo hamkanushi mke wa mwana mkubwa mbele ya wageni. Bi Shuwena akasema haya, tuufunge, na nyimbo zikaanza.

Mwatime akakaa, akazishika chane. Hazikumkaa mkononi. Aliyotaka kuivuta kulia ilikuwa imelazwa kushoto, aliyotaka kuipitisha juu ilikuwa tayari chini. Akalazimisha. Likajitokeza tuta katikati ya maua, nene kama kovu. Akafumua, akarudia, tuta likarudi. Walio mbele wakaacha kuimba, kisha wa nyuma wakaacha kwa kuwa wa mbele wameacha. Jasho lilimtoka Mwatime hata chane zikawa zinateleza.

Bi Shuwena akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akalifikia lile tuta.

"Mwanangu," akasema, "mpe aliyeuanza."

Kazija akasogea, akakaa ubavuni pake, akazitwaa chane kwa mkono wa kushoto na kulifumua tuta taratibu. Mwatime akausikia wivu kwa mara nyingine, hata katika aibu ile, kwa jinsi mkono ule wa chooni ulivyokwenda bila kufikiri. Ukili ukafungwa. Hakuna aliyepiga kigelegele mpaka shangazi mmoja alipokumbuka kuwa ni harusi.

Wageni walipokwisha kutoka, Mwatime akamwangukia mkwewe miguuni. Alilia, akasema alichofanya, na kwa nini. Alisema ameogopa. Aliona Kazija anamnyang'anya kila kitu, na shazia pia ingekwenda kwake.

Bi Shuwena akaifungua ncha ya kanga, akaitoa shazia, akaishika.

"Shazia ni ya kushona," akasema. "Kazija hajui kushona. Ukili niliutafuta kwa yeyote aliye bora, ili wewe uje uushone. Hii ilikuwa yako kabla hajaletwa humu."

"Hukuniambia, mama. Hata siku moja."

"Sikukuambia," bibi akakiri. "Hilo ni kosa langu. Lakini mkono wako ulikuwa nao wewe. Ukili huibwa, mwanangu, mkono hauibwi. Wa Kazija hukuweza kuuiba. Na wako, nani angeuiba?"

Akairudisha shazia katika kanga, akafunga fundo.

Mkeka wa Tumu aliushona Bi Shuwena mwenyewe, kwa macho yale ya ukungu, na mishono ikaenda upande. Kazija alisamehe mapema. Hata ukindu akaja akauchana pamoja na Mwatime. Na mwaka uliofuata, nasikia, shazia ilitolewa bila maneno na kuwekwa juu ya kikapu cha Mwatime, akashona nayo mpaka uzeeni. Lakini kila alipokwenda kumtembelea wifi yake alitandikiwa mkeka ule, wenye maua yasiyo na kosa na mshono uliopinda. Alikuwa akikaa pembeni, akiupapasa ule mshono kwa kidole, na watoto wa Tumu walipomwuliza anatafuta nini, aliwajibu kwa maneno ya mkwewe.

Watu wengi hudhani yanamsema mwizi. Salha, shangazi yenu leo hakumsema yule aliyeiga. Alikuwa anakusema wewe, unayelilia maua wakati mkono unao. Ukili huibwa, mkono hauibwi.