Mgunga Aliyewanyima Walinzi Wake Asali

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kinyonge kama wenye njaa? Haya, sogeeni motoni, maana hadithi yenyewe ni ya njaa.

Zamani hizo za kale, nyikani, aliishi Mgunga. Ndani ya miiba yake minene waliishi Mama Sisimizi na wanawe. Mgunga aliwapa nyumba, akawapa na asali iliyochuruzika kwenye vikonyo vya majani yake. Wao walimlinda. Twiga akija kula, walimvamia mdomoni wakiimba, "Ng'ata, ng'ata, ng'ata! Mgunga ana wenyewe!" Twiga mbio, machozi yanamtoka.

Mwaka mmoja twiga wakahama. Mgunga akajisemea, "Adui hayupo, mlinzi wa nini?" Akafunga asali. Akili gani hizo, jamani!

Mama Sisimizi akaja kwa adabu. "Mwenye nyumba, watoto wanalia njaa."

"Kazeni mikanda."

Akarudi. "Mwenye nyumba, watoto wanalia njaa."

"Nimesema kazeni mikanda!"

Akarudi tena, amebeba mtoto mgongoni. "Mwenye nyumba, huyu halii tena."

Mgunga hakuifungua asali.

Basi Mama Sisimizi akashuka bondeni, akaswaga kundi la vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani wanaofyonza utomvu wa mimea na kutoa maji matamu. Akawafuga juu ya Mgunga kama mbuzi. Watoto wakakamua, wakanywa, wakashiba. Wewe ungefanyaje?

Vidukari wakafyonza. Wakazaana, wakafyonza. Majani yakanyauka, wakafyonza.

"Mama Sisimizi, nifukuzie hawa!" Mgunga akalia. "Asali nitatoa!"

Akajikamua. Halikutoka hata tone.

"Nikiwafukuza, wanangu watakula nini?"

Akatokea mdudu mwekundu mwenye madoa, mla vidukari. Mgunga akafurahi, akadhani amepona. Lakini sisimizi walimrukia wakiimba, "Ng'ata, ng'ata, ng'ata! Vidukari wana wenyewe!" Mdudu akaruka zake.

Mgunga akakauka akiwa wima. Vidukari wakafa juu yake. Mama Sisimizi akabaki mwibani na wanawe, hana asali, hana mifugo, hana pa kwenda, mpaka nao wakanyamaza mmoja mmoja.

Leo upepo huingia kwenye matundu yaliyokuwa milango yao, na mti mkavu hupiga mluzi. Wapita njia husema ni upepo tu. Mimi inaniuma, maana najua ni Mgunga anawaita walinzi wake, na hakuna anayeitika.

Hadithi yangu imeishia hapo alipoishia Mgunga.